Mfupa wa Ishango uko Brussels. Mwalimu wa Masereka afundishie nini?

Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango, pale mto Semuliki unapotoka katika ziwa Edward, mfupa wa sentimita 10 hivi wenye alama zilizochanjwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Wako wanaosema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, mjadala haujakwisha. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, Ubelgiji.

Ishango iko wilayani Beni, ndani ya hifadhi ya Virunga. Kwa mwalimu wa Masereka, wilayani Lubero, kuwapeleka wanafunzi huko ni kuwahatarisha, kwa sababu ya makundi yenye silaha. Basi mafunzo ya akiolojia kwa walimu yaanzie shambani. Mkulima akikuta kigae cha chungu au jiwe lililochongwa, mwalimu ajue kuandika mahali, kina na tarehe, kupiga picha, na kuzuia watu wasiendelee kuchimba. Kitu kilichong'olewa bila maelezo hayo kinabaki pambo tu.

Kikwazo ni fedha. Tangu elimu ya msingi ya serikali ifanywe bure mwaka 2019, walimu wamegoma mara kadhaa wakidai mishahara. Semina ya kulipia mjini Butembo, na nauli ya pikipiki juu yake, itawapata wachache. Afadhali vyuo vikuu vya Butembo vitume wakufunzi kwenye vikao vya walimu huko huko vijijini. Nakala ya mfupa, fundi seremala anaweza kuichonga kwa mti.