Kisanduku cha Picha Zenu, Ufunguo Anao Nani?

Mpenzi msomaji, ukiamshwa usiku wa manane ukaulizwa picha za harusi yenu ziko wapi, utajibu nini? Wengi wetu tutajibu haraka haraka, "Zipo, anazo yeye." Yeye ndiye mwenza wako, na mahali penyewe ni kale kasanduku keusi kanakowaka vitaa karibu na ruta, chini ya televisheni. Ndani ya nyumba mmoja anajua namna ya kukafungua. Mwingine anajua tu kwamba kasizimwe.

Wataalamu wanakiita NAS. Kwa lugha ya nyumbani, ni kabati la mafaili lililounganishwa na mtandao wa ndani ya nyumba. Laptopu ya baba, simu ya mama, televisheni ya sebuleni, vyote vinachota na kuweka humo humo. Ndani yake kuna diski, na vingi vya majumbani vina nafasi mbili za diski. Mlipokinunua, terabaiti 2 zilionekana kama bahari. Kisha akaja mtoto wa kwanza, zikaja video za simu, ikaja send-off ya mdogo wenu, na siku moja kisanduku kikalalamika: nafasi imejaa.

Sasa basi, kubadilisha diski ni kazi ya ufundi, sikatai. Lakini ndani yake kuna mambo ya ndoa pia, na ndiyo maana yameingia kwenye safu hii. Ninachotaka kusema mwezi huu ni kimoja tu: kumbukumbu za watu wawili zisitegemee kisanduku kimoja, wala kichwa cha mtu mmoja.

KIOO SIO NAKALA

Wengi wenye kisanduku cha diski mbili wamekipanga kwa mtindo unaoitwa RAID 1. Maana yake, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa papo hapo na kwenye ya pili, kama mtu na kioo chake. Diski moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi na nyinyi hamkosi hata picha moja. Jambo zuri sana.

Tatizo ni kwamba watu wakishasikia hivyo wanalala usingizi wa pono. Jamani, kioo kinaonyesha kila kitu, pamoja na chongo. Ukifuta folda ya fungate kwa bahati mbaya, imefutika kote kuwili kwa sekunde ile ile. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba diski zote mbili. RAID inawakinga na kufa kwa diski, basi. Haiwakingi na vidole vyenu, moto, wizi wala wavamizi wa mtandaoni.

Mwezi Juni 2021, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa na kifaa cha My Book Live cha kampuni ya Western Digital waliamka wakakuta mafaili yao yamefutwa. Wavamizi walikuwa wameingia kupitia intaneti. Programu ya kifaa hicho ilikuwa haijapata sasisho tangu 2015, na kampuni iliwashauri wateja wakichomoe kwenye intaneti mara moja. Diski zilikuwa nzima, ila hazikuwa na kitu. Aliyekuwa na nakala nyingine pembeni alishusha pumzi. Asiyekuwa nayo, tusimalizie sentensi.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni fupi ambayo hata asiyejua kompyuta anaishika: 3-2-1. Nakala 3 za kila kitu cha thamani, kwenye vifaa vya aina 2, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba. Kwa wanandoa wa kawaida, nakala ya kwanza ipo kwenye kisanduku, ya pili kwenye diski ya kuchomeka kabatini, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski nyingine iliyofungiwa kwa mama mkwe. Mama mkwe hana tatizo nayo. Tena utakuwa na sababu ya kumtembelea kila baada ya miezi mitatu.

SIKU YA KUBADILISHA DISKI

Tufikie kazi yenyewe. Chagueni siku ambayo hakuna anayekimbilia popote, Jumamosi asubuhi kwa mfano, na mkae wote wawili. Simaanishi mwingine ashike bisibisi. Akae tu, aone.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, nakilini mafaili yote kwenye diski ya nje. Mkimaliza, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine mfungue picha chache na video moja au mbili. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Pili, ingieni kwenye ukurasa wa kisanduku msome afya ya diski zote mbili. Hili watu wanaliruka. Unapotoa diski moja, ile iliyobaki inakuwa peke yake, tena inasomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza mpya. Kama nayo ilikuwa inaumwa, hapo ndipo itakapoangukia.

Tatu, ununuzi. Hakikisheni kisanduku chenu kinakubali diski ya ukubwa mnaoutaka, maana vingine vya zamani vina kikomo. Mtengenezaji huwa anatoa orodha. Pia muulizeni muuzaji kama diski ni ya CMR au SMR. Hii ya pili hupandanisha mistari ya kuandikia kama vigae vya paa ili iingize data nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo huwa nzito sana inapoandikiwa mfululizo, jambo ambalo ndilo hasa hutokea siku kama hii. Kwa kisanduku cha RAID, chukueni CMR. Akikwambia "zote sawa tu, sista," nenda duka la pili.

Nne, diski moja kwa wakati mmoja. Toeni ya kwanza, wekeni mpya, kiambieni kisanduku kiijaze. Vipo vinavyoruhusu kufanya hivyo vikiwa vimewaka, na vipo vinavyotaka vizimwe kwanza, kwa hiyo someni maelekezo. Kisha subirini. Diski ya terabaiti 4 ikijazwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, inakula zaidi ya saa 7. Na hapo ni nusu ya kazi. Ikimaliza kabisa, na sio kabla, ndipo mnarudia kwa diski ya pili. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo kisanduku na ruta vikae kwenye UPS.

Tano, msishtuke mkimaliza mkakuta nafasi ni ile ile ya zamani. Kwenye RAID 1 ukubwa unafuata diski ndogo, kwa hiyo hakuna kinachoongezeka mpaka zote mbili ziwe mpya. Hata hapo, visanduku vingi vinataka uende kwenye mipangilio ubonyeze mwenyewe amri ya kupanua hifadhi.

Diski za zamani msiziuze wala kuzifuta mwezi ule ule. Ziandikieni tarehe, zifungieni kabatini, mpaka muwe na uhakika kila kitu kipo.

"MBONA SIONI KITU?"

Hilo ndilo swali litakalofuata, na mara nyingi anayeuliza ni yule ambaye hakuhusishwa. "Baba watoto, mbona sioni kitu?" Naye baba watoto yuko safarini Mwanza, anajaribu kuelekeza kwa simu, sauti zinapanda, na ugomvi wa jioni umeshapatikana.

Sababu ya kwanza ni anwani. Ruta hukigawia kila kifaa namba, na baada ya umeme kukatika kisanduku kinaweza kuamka na namba nyingine. Ile njia ya mkato kwenye laptopu inabaki kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta na kukitengea kisanduku namba ya kudumu.

Sababu ya pili ni umri. Visanduku vya zamani huzungumza na kompyuta kwa lugha ya SMB toleo la 1, ambayo Windows 10 iliacha kuja nayo moja kwa moja tangu mwishoni mwa 2017. Mwezi Mei mwaka huo virusi vya WannaCry vilipitia udhaifu wa lugha hiyo hiyo vikazifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Kuna mafundi watakaokuwashia tena hilo toleo la 1 kwa dakika mbili, nawe utafurahi. Usikubali upesi. Sasisha programu ya kisanduku kwanza, na kama hakina sasisho tena, kibadilisheni chenyewe badala ya kukinunulia diski mpya.

Na kama mnataka kuona picha mkiwa nje ya nyumba, msitoboe tundu kwenye ruta ili kisanduku kionekane intaneti nzima. Tumieni VPN, ambayo ni kama njia ya chini kwa chini inayoishia sebuleni kwenu.

UFUNGUO WA PILI

Sasa tuje kwenye kiini. Dada mmoja ninayemfahamu alifiwa na mumewe ghafla. Kisanduku kikabaki sebuleni kinawaka vitaa vyake kama kawaida, na nywila ilikuwa imezikwa na marehemu. Ndani mlikuwa na miaka tisa ya maisha yao.

Akaita fundi. Fundi akachomoa diski, akaichomeka kwenye laptopu ya Windows, kompyuta ikaandika kwamba diski haisomeki, je, iandaliwe upya? Kidole cha fundi kilikuwa njiani. Dada yule akasema, "Kaka, acha. Usiguse." Alichokiona kilikuwa cha kawaida kabisa. Visanduku vingi hupanga mafaili kwa mtindo wa Linux, ambao Windows peke yake hausomi, hivyo huiona diski iliyojaa kama ganda tupu. Kukubali pale kungekuwa balaa.

Fundi wa pili alirudisha diski mahali pake, akasoma kitabu cha maelekezo, akatumia kitufe kidogo cha nyuma kuweka nywila mpya ya msimamizi bila kugusa mafaili. Sio kila kisanduku kinaruhusu hivyo, na kwa vingine ukikishikilia kitufe muda mrefu kinafanya kazi nyingine kabisa. Tena kama folda ingekuwa imefungwa kwa usimbaji fiche, bila ufunguo wake hakuna fundi ambaye angeifungua. Bahati ilikuwa upande wake. Faili la kwanza alilofungua lilikuwa video ya mumewe akimbembeleza mtoto alale. Aliniambia alikaa nayo hadi alfajiri.

Ndiyo maana nasema, ndani ya kisanduku kila mmoja awe na jina lake na nywila yake, na wote wawili muwe na uwezo wa usimamizi. Tengenezeni folda ya pamoja ya familia, na kila mtu abaki na folda yake binafsi. Sio kwamba mnafichana. Mtu mzima ana barua za kazi, ana shajara, ana siri za shosti wake zisizomhusu mumewe. Anayetumia usimamizi kuchungulia folda ya mwenzake ana tatizo ambalo diski mpya haitalitibu. Nywila ya usimamizi na ufunguo wa usimbaji viandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye bahasha, bahasha ikae pale pale zinapokaa cheti cha ndoa na hati ya kiwanja.

Kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni ndogo. Jioni moja, yule ambaye hajawahi kukigusa kisanduku ndiye akae mbele ya laptopu. Aitafute mwenyewe picha ya siku mliyovishana pete, na mjuzi wa nyumba afunge mdomo, mikono nyuma. Akiipata, mko salama. Akishindwa, msigombane, anzeni na bahasha.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na mpeane nywila.