Shikamoo ya Woga

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumjulia hali mzee wa mtaani kwetu, aliyepelekwa na wanawe katika makazi ya wazee ambayo sitayataja hapa. Nilifika saa nne asubuhi. Nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, akaingia muuguzi kijana, rika la wajukuu zake. Kabla binti hajafungua kinywa, mzee alijikunyata akasema, "Shikamoo, nesi." Binti akaitikia, "Marahaba," akapita zake.

Nina miaka 63, na 31 kati ya hiyo nimeivaa sare nyeupe ya uuguzi. Ilikuwa kama kuona maji yakipanda mlima. Mzee wa miaka themanini na kitu hamwamkii mtoto ila kama kuna kitu ndani yake kimeshavunjwa.

Nikafunua shuka. Juu ya mfupa wa mkia palikuwa na kidonda cha kulalia, kidole gumba kinazama. Ukutani ilining'inia karatasi ya kumgeuza mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Hilo tunafundishwa tukiwa hata hatujajua kushika sindano. Karatasi ilikuwa imejazwa vizuri mno: saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, mpaka saa kumi na mbili jioni, kila kisanduku na saini yake. Narudia: nilikuwa nimesimama pale saa nne asubuhi. Huduma ya siku nzima ilikuwa imeshatolewa, kwa kalamu.

Najua mtakaloniambia. Wauguzi wachache, mishahara midogo, glovu za kuhesabiana, zamu juu ya zamu. Ni kweli, na nimeyaishi. Lakini uchache wa watu humfanya muuguzi achelewe kumgeuza mgonjwa. Haumfanyi aandike kwamba amemgeuza.

Tena karatasi ile haikufichwa uvunguni. Aliyepokea zamu aliiona. Mfawidhi aliiona. Wanawe waliokuja Jumapili na machungwa waliketi chini yake, wakapiga picha na baba, wakaondoka. Kazini kwetu hali hii ina jina: kulindana. Leo nikufichie, kesho unifichie. Nami sisemi haya kama malaika. Mwaka wangu wa nne kazini nilimwona mwenzangu akimpiga kofi bibi aliyejikojolea. Nikatoka wodini, nikaenda kuchemsha vifaa. Bibi alifariki mwezi uleule. Ile sufuria bado naisikia ikichemka.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo mbele ya mgeni rasmi. Mshumaa huo una faida gani kwa mzee aliyelala juu ya mkojo wake tangu alfajiri?

Basi tusimame. Wenye wazazi, naanza na ninyi. Badilisheni saa za kwenda kuwaona. Funueni shuka, tazameni visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo tumieni kiganja: pakiwa na joto kuliko kando yake, au pamekuwa pagumu, kidonda kimeshaanza. Angalieni kikombe cha maji: je, mkono wa mzee unakifikia? Someni karatasi ukutani, kisha tazameni saa zenu.

Mkikuta ubaya, msimrukie nesi. Wala msimpige picha mzee akiwa uchi mkaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Huko ni kumdhalilisha mara ya pili. Andikeni: tarehe, saa, mlichoona, jina lililo kwenye beji. Barua iende kwa mfawidhi na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, fikeni Baraza la Uuguzi na Ukunga; Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa meno. Mkiombwa "hela ya soda" ndipo mzazi abadilishiwe shuka, hiyo ni rushwa: pigeni TAKUKURU, namba 113, bure. Akipigwa au akiibiwa, hayo ni ya polisi, si ya kusuluhishwa ofisini kwa chai.

Wauguzi wenzangu, msitie saini kazi msiyoifanya. Ukishindwa, andika ukweli: "Sikumgeuza, nilikuwa peke yangu na wagonjwa arobaini." Sentensi hiyo ikifika juu ni ushahidi kwamba watumishi hawatoshi. Alama ya uongo humwambia mkubwa wako kwamba mnatosha, na mwakani hatawaongezea hata mmoja. Mnadhani mnalindana, kumbe mnajifunga kamba wenyewe. Na ukimwona mwenzako akimtesa mzee, mripoti. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu mwaka 2015. Msiende kuchemsha vifaa.

Mabaraza ya wazee, misikiti, makanisa, vikoba vya kina mama: kila mmoja ana la kufanya, alifanye. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee, tusiishie kugawa sabuni mbele ya kamera.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mimi nimeshavuka, wewe uko njiani. Kitanda kile hakijaandikwa jina la mtu.

Barua yangu iligongwa mhuri Jumatatu. Sijajibiwa. Nikiwa peke yangu, mimi ni bibi mstaafu mwenye maneno mengi. Tukiwa barua hamsini, hawatatupuuza. Nawasihi, ndugu zangu, andikeni.

Nami Jumapili nitarudi, saa wasiyonitarajia. Nitapiga goti kando ya kitanda kile na kusema kwa sauti ya kufika hadi kwenye meza ya manesi: shikamoo, baba. Nitabaki hapo hapo mpaka aitikie marahaba yake.