VYURA WAKINYAMAZA TUJIULIZE

Ndugu wanaushirika, ndugu wanakijiji,

Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli. Lakini vyura wakinyamaza kwa sababu bonde limekauka, huyo ng'ombe atakunywa nini? Swali hilo tunaliweka ukutani leo, kabla ya mkutano wa kuamua juu ya kile kipande cha majimaji kilichobaki chini ya chemchemi.

Wapo wenzetu wanaotaka tuchimbe mtaro, maji yatoke, tupate vitivo vingine vya kabichi. Eti chura haliwi wala hauzwi Kariakoo. Hatuwabezi. Mashamba ya mlimani yamechoka, udongo umeteremka na mvua, na sare za watoto zinatoka kwenye kabichi hizo hizo. Sisi pia tunalima.

Lakini hebu tufikiri. Yale matete yanashika maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Tukichimba mtaro, maji yataondoka kwa mara moja. Tutapata shamba jipya na kukosa maji ya kumwagilia yale ya zamani.

Tena pale pana vibarua wasiodai posho. Usiku vyura wanakula wadudu. Mchana yangeyange na kwarara wanaokota panzi na mabuu. Na chura ni mlinzi wetu: anapitisha maji na hewa kwenye ngozi yake, kwa hiyo sumu ikiingia mferejini yeye anaumia kwanza. Wewe unayeoshea bomba la dawa kule juu, jua kwamba huku chini mama anateka maji.

Milima yetu ina viumbe wa pekee. Katika misitu ya Usambara Magharibi, kama Mazumbai, yuko chura mdogo anayetembea badala ya kuruka. Mwaka 2004 wataalamu walimpa jina la kisayansi lenye Kiswahili chetu: kisiwamsitu. Jina limetufaa, maana misitu yetu imebaki kama visiwa katikati ya mashamba. Yuko pia ndege mdogo wa msituni ambaye duniani kote anaishi Usambara Magharibi tu.

Tujifunze kwa wenzetu wa Kihansi, milima ya Udzungwa. Mwaka 1996 alionekana huko chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, manyunyu yalikwisha, na baadaye ukaja ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati nzuri wengine walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, na uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kazi hiyo imetaka ndege, maabara, na mabomba ya kutengeneza manyunyu. Kijiji chetu hakina hayo. Kina majembe tu, na jembe likishachimba mtaro halijui kurudisha chemchemi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kipande hicho kisichimbwe, na matete yake yasichomwe.

2. Mabomba ya dawa yasioshwe mtoni wala mferejini.

3. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi. Tupande mikuyu.

4. Wasio na vitivo wasiachwe hivi hivi. Ushirika uwapangie zamu ya kulima katika vitivo vilivyopo wakati wa kiangazi. Sisi tulio navyo tuwe wa kwanza kukubali.

Kwenye mito hata sheria imesema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini tusingoje kukumbushwa na bwana mazingira.

Jamani, usiku wa leo kaeni nje kidogo msikilize bondeni. Kisha mje mkutanoni, wanaume kwa wanawake, na kila mtu aseme lake.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Tawi