Jino Lako Limeandikwaje?



Wacha nianze na swali dogo tu. Mara ya mwisho ulipoenda hospitali ya serikali, waliandika nini kukuhusu? Siulizi daktari alikuambia nini. Nauliza kile kilichobaki kwenye rejista baada ya wewe kutoka mlangoni.

Mimi nilijiuliza swali hili nikiwa nimeshachelewa. Jino la nyuma lilinianza Ramadhani, nikavumilia mpaka Idi ikapita. Halafu nikaenda chumba cha meno cha hospitali moja ya umma upande huu wa Mlima Kenya. Sitaitaja, kwa sababu shida yenyewe si ya hospitali moja. Aliyenihudumia alikuwa mtu wa adabu zake. Akaangalia, akaniambia: "Hili lingezibwa, lakini dawa ya kuziba imeisha. Kama una pesa nenda kliniki ya kibinafsi. Kama huna, tuling'oe." Sikuwa na pesa. Likang'olewa. Akachukua kalamu akaandika kwamba nimeng'olewa jino, basi, mwingine aingie.

Kwa karatasi, siku ile nilihudumiwa. Ukweli ni kwamba nilipoteza jino ambalo lingeweza kuokolewa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kati yake ndipo nataka tukae leo.

Sikiza jinsi mambo yanavyokwenda. Kila kituo cha afya cha umma hujaza ripoti za mwezi. Mojawapo ni fomu ya Wizara ya Afya nambari 717, ile ya kuonyesha kazi iliyofanyika. Chumba cha meno kina sehemu yake hapo, na ni mistari mitatu: waliokuja bila kuzibwa wala kung'olewa, waliozibwa, na waliong'olewa. Hesabu hizo zinaingizwa kwenye mfumo wa taarifa za afya wa kitaifa, ambao tangu 2011 umekuwa ukifanya kazi kwa mtandao nchi nzima. Kutoka hapo ndipo kaunti na Wizara wanajua, au wanadhani wanajua, watu wa Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago wanaumwa nini na wanatibiwaje. Dawa huagizwa kwa kuangalia takwimu hizo. Bajeti hutetewa kwa takwimu hizo. Kwa hiyo jino langu sasa ni moja kwenye mstari wa tatu. Na lako pia, kama yalikukuta kama mimi.

Sasa serikali inasema inakagua data za afya, na inakagua kweli. Wengi wenu mnakumbuka Juni 2023, uchunguzi wa televisheni ulipoonyesha wazee waliokusanywa kutoka vijijini kwa ahadi ya matibabu ya bure, kisha majina yao yakatumika kudai pesa kutoka NHIF. Waziri wa wakati huo, Susan Nakhumicha, alisimamisha hospitali kadhaa, na Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Oktoba 1, 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara akaanza kukatwa asilimia 2.75. Agosti 2025, Waziri Aden Duale alisimamisha makumi ya vituo vingine kwa madai yale yale: mgonjwa wa kutibiwa na kwenda nyumbani anaandikwa kuwa alilazwa, huduma ndogo inaandikwa kubwa, na mgonjwa ambaye hayuko kabisa anaandikiwa bili.

Hapa tuseme wazi. Ukaguzi huo tunauunga mkono. Pesa ya matibabu ni amana, na anayekula amana ya mgonjwa hana wa kumtetea kwetu, awe jirani, awe mtu wa msikiti wetu, awe nani. Akishikwa, ashikwe.

Lakini angalia vizuri ukaguzi huo unatafuta nini. Unatafuta pesa iliyotoka isipofaa kutoka. Unamtafuta mgonjwa hewa, aliyeandikwa na hayupo. Ni kazi muhimu. Ila nani anamtafuta mgonjwa wa kweli ambaye yupo na hajaandikwa? Mama aliyefika Laare au Ishiara, akaambiwa hakuna daktari wa meno leo, akarudi nyumbani na shavu limevimba, anaandikwa wapi? Kijana aliyenunua dawa ya maumivu dukani mwezi mzima kwa kuogopa nauli ya matatu hadi mjini, yuko mstari gani? Na sisi tuliong'olewa kwa sababu dawa ya kuziba imeisha, nani anatuhesabu?

Mwizi wa pesa anaacha alama kwenye kompyuta. Huduma iliyokosekana haiachi alama yoyote. Ndiyo maana serikali peke yake haiwezi kuikagua, hata ikiwa na nia njema. Anayejua kilichokosekana ni yule aliyekikosa. Ni wewe.

Ile mistari mitatu inasema mengi ukijua kuisoma. Ukikuta hospitali imeng'oa meno mengi mwezi baada ya mwezi, na yaliyozibwa ni ya kuhesabu kwa vidole, uliza. Inawezekana watu wanachelewa mpaka jino linaoza kabisa. Hilo nalo ni jambo, maana yake hakuna anayewafikia mapema shuleni na vijijini. Inawezekana vifaa vya kuziba havinunuliwi. Inawezekana mashine imeharibika tangu zamani. Namba haikupi jibu, lakini inakupa haki ya kuuliza swali ambalo afisa hawezi kulipuuza kwa kusema "hayo ni maneno ya mtaani".

Kuna upande wa pili, na huu unatugusa sisi Waislamu kwa karibu. Data ikikaguliwa na majina yetu yamekosewa, tunaotupwa nje ni sisi. Mtu mmoja ni Fatuma kwenye kitambulisho, Fatma kwenye kadi ya kliniki na Fatima kwenye rejista. Ni Mohamed hapa, Muhammad pale. Karani hana kosa kubwa, ameandika alivyosikia. Lakini mashine haijui kwamba hao watatu ni mama yako mmoja. Kuna ndugu zetu kutoka kaskazini waliohangaika miaka kwa miaka kupata kitambulisho kwa sababu ya msasa wa ziada, mpaka Rais William Ruto alipotangaza kuufuta Februari 2025. Asiye na kitambulisho atajisajilije SHA? Na sasa wanataka alama za vidole. Mwangalie mzee aliyechuma miraa au majani chai miaka arobaini, vidole vyake vimelainika kama kioo. Mashine ikimkataa, atibiwe na nani? Ulinzi dhidi ya wezi usigeuke ukuta mbele ya wagonjwa.

Tena data ya mwili wako si mali ya serikali ya kugawa inavyotaka. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali yako ya afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Jamii ya Wanubi, Waislamu wenzetu, walikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango ule usiendelee bila sheria kamili ya kulinda watu. Desemba 2025, Kenya ilipotia saini mkataba wa afya na Marekani, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda ile sehemu ya kuhamisha data za wagonjwa. Naye Mkaguzi Mkuu wa Serikali, katika ripoti iliyotoka 2025, alisema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa Sh104.8 bilioni, si mali ya serikali. Yaani anayekukagua naye anahitaji kukaguliwa.

Najua kuna anayesema: "Sisi huku ni wachache, nani atatusikiza?" Ndugu yangu, hili halihitaji wingi. Linahitaji mtu mmoja mwenye kalamu. Fanya haya.

Kwanza, piga *147# au ingia Afya Yangu, uangalie usajili wako. Jina liko sawa? Watoto wako wameandikwa? Kisha msaidie mzee mmoja na mama mmoja wasio na simu ya maana. Ukimsaidia mtu, siri yake ibaki hapo hapo. Usipige picha rekodi yake ukaiweka kwenye WhatsApp, hata kama nia yako ni kulalamika kwa niaba yake.

Pili, usitie sahihi wala kidole kwenye fomu ambayo haijajazwa, na usimpe mtu nambari ya siri iliyotumwa kwa simu yako kabla ya kujua ni ya huduma gani. Ukienda kambi ya matibabu ya bure, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya mwanasiasa, uliza: mnaandika nini kwa jina langu?

Tatu, ukikuta makosa, sheria inakupa haki ya kuona taarifa zako na kutaka zirekebishwe. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza.

Nne, na hili ndilo ninalolitaka zaidi: andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulipia ombi lenyewe na bila kueleza unazitakia nini. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Isipojibu, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Andikia idara ya afya ya Kaunti ya Meru, au ya Embu, uulize hivi: katika miezi kumi na miwili iliyopita, kila hospitali ya umma iling'oa meno mangapi na kuziba mangapi? Ni miezi mingapi ilikosa vifaa vya kuziba? Vituo vipi vina mhudumu wa meno, na siku gani? Hizo hazina jina la mgonjwa yeyote. Ni jumla tu, na jumla ni haki ya umma.

Tano, majibu yakija yapeleke kwenye vikao vya bajeti ya kaunti. Afya iligatuliwa tangu 2013. Anayenunua vifaa vya meno vya Embu si mtu wa Nairobi, ni serikali ya kaunti uliyoipigia kura. Vikao hivyo hutangazwa, lakini sisi vijana tunawaachia wazee, halafu jioni tunalalamika kwenye simu.

Na tukienda, twende na adabu. Karani wa rekodi anayejaza rejista kwa mkono, foleni ikiwa imefika nje, si adui yako. Yule aliyening'oa jino pia si adui yangu. Yeye ndiye aliyeniambia ukweli ambao fomu haikuuliza. Watu kama hao wakiona kuna raia anayesoma namba zao, wengi watafurahi, kwa sababu wameomba vifaa muda mrefu bila kusikizwa.

Mimi barua yangu nimeandika. Ni ukurasa mmoja, imechukua nusu saa. Niliandika nikiwa Majengo hapa Meru, ulimi ukigusa lile pengo kila dakika. Rafiki yangu wa Dallas, Embu, anaandika ya kwao wiki hii. Jino langu halirudi. Lakini mwaka ujao, kijana mwingine akikaa kwenye kile kiti na jino la kuzibwa, nataka dawa iwepo, lizibwe, na aandikwe mstari wa pili.

Barua yako unaiandika lini? Ukitaka tukusaidie kuipanga, tuandikie kwenye inbox. Wassalaam.