Mhusika akifa mezani, usikimbilie begi lake

Wasee, tuseme ukweli. Mhusika wa mwenzako akifa mchezoni, mwili haujapoa na tayari mikono iko ndani ya begi lake. Mmoja anadai upanga, mwingine farasi, na aliyefiwa ameduwaa tu na karatasi yake.

Kama hujawahi kucheza, michezo hii ya kuigiza mezani haihitaji skrini. Kila mchezaji anabuni mhusika na kuandika nguvu na mali yake kwenye karatasi. Refa anasimulia safari, na dadu ndizo huamua kama umempata adui au umemkosa. Dadu zikikukataa, mhusika wako anakufa. Vitu vyake vinabaki. Sasa ni vya nani?

Meza nyingi hugawana palepale. Kisha mfiwa anabuni mhusika mpya, naye anakuja na vifaa vyake. Piga hesabu: kila kifo kinatajirisha kundi. Ukiona mganga wenu hana haraka ya kutibu majeruhi, usishangae.

Na si eti waanzilishi hawakuliona hili. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka 1974, ulikuwa na kanuni yake. Refa akikubali, mchezaji anataja jamaa mmoja wa mhusika wake. Mhusika akitoweka mwezi mzima wa mchezo, awe amekufa au la, jamaa huyo anarithi mali na kulipa ushuru wa asilimia 10. Lakini anaanza ngazi ya chini kabisa. Mali inarithiwa, ujuzi haurithiwi. Na mwenyewe akirudi? Analipa asilimia 10 nyingine ndipo arudishiwe chake.

Utaniambia ni mchezo tu, upanga wenyewe ni wa karatasi. Sawa. Lakini hapa Chepilat tunaishi mpakani, upande mmoja Sotik na upande wa pili Borabu. Meza moja inakalisha Mkipsigis na Mkisii. Tulikuwa watoto wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na tumekua tukisikia kesi za ng'ombe walioibwa na kuvushwa mpaka. "Umechukua changu" si neno la utani huku, hata likisemwa kuhusu farasi wa kubuni.

Halafu angalia nyumbani. Mzee anazikwa, na kabla ya matanga kuisha ng'ombe wameshahama boma. Mimi chuo niliacha, lakini sheria haisomwi na wenye digrii peke yao. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa: faini hadi Sh10,000, jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Dawa ni wosia, lakini jaribu kumtajia babako neno hilo. Atakuuliza kama unamtakia kifo. Ni uchuro!

Mezani hakuna uchuro. Ndiyo maana nasema wosia uandikwe kabla dadu hazijarushwa, mistari mitatu tu: nani arithi, nini kizikwe na marehemu, nini kiuzwe kulipa madeni. Anayerithi kupitia mhusika mpya asipewe vifaa vingine vya bure. Asiyeandika, mali yake izikwe naye, na atakayefukua kaburi apambane na refa.

Kuandika ni kazi? Sheria yetu inakubali hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, mradi anayeusia afariki ndani ya miezi mitatu. Mashahidi mezani wamejaa, na kwa jinsi mnavyovamia mapango bila mpango, hiyo miezi mitatu hamfikishi.

Kwa hivyo wikendi hii zungusha kalamu kwanza, dadu baadaye. Ukishazoea kusema nani achukue upanga wako, siku moja utaweza kumuuliza mzee kuhusu shamba la chai, polepole na kwa heshima, akiwa bado hai wa kukujibu.