Ni Nani Atamwombea Mgeni?



Katika inchi yetu ya Kongo mgonjwa haendi hospitali peke yake. Anakuja na mama yake, au mke wake, au dada yake. Huyu ndiye mlinzi wake. Anapika bugali na sombe kwenye jiko la inje, anachota maji, anafua nguo, anamkimbilia munganga usiku homa inapopanda. Hospitali inatoa dawa na kazi ya wanganga. Ndugu wanatoa mengi yanayobaki.

Basi fikirini juu ya mgonjwa asiye na ndugu. Labda ni dereva aliyeumia njiani, mbali na kwao. Labda ni kijana aliyekuja kuchimba zahabu. Labda ni mama aliyekimbia vita na watoto wake wakapotea barabarani. Saa ya kutembelea wagonjwa inafika, watu wa kanisa wanaingia. Wanazunguka kitanda cha ndugu yao, wanaimba, wanaomba, wanaacha ndizi na maharagi. Kisha wanapita mbele ya kitanda cha mgeni, wanasema jambo, wanatoka. Mgeni anageuza uso wake ukutani.

Nimeona jambo hili mara nyingi katika kazi ya uuguzi. Nataka kusema wazo langu waziwazi: mgeni yule asiye na mtu ndiye anayefaa kuombewa kwanza. Na maombi hayo ni tendo la wema kweli ikiwa yanafuatwa na mikono yetu.

Hili si fundisho jipya. Sulemani alipoweka wakfu hekalu, hakuwaombea Waisraeli tu. Alimwombea vilevile mgeni atakayetoka inchi ya mbali, ili Mungu amsikie (1 Wafalme 8). Ibrahimu aliomba kwa ajili ya Sodoma, mji usiokuwa wake. Na Yeremia aliwaandikia wafungwa waliochukuliwa Babeli kwamba wauombee mji ule ule wa watu waliowateka (Yeremia 29). Ikiwa wafungwa waliagizwa kuwaombea waliowafunga, je, sisi tutashindwa kumwombea mtu anayelala kitanda cha pili?

Lakini wengine wananiuliza: Namna gani kumwombea mtu wa kabila lile? Watu wake walichoma vijiji vyetu. Ndugu zangu, siwezi kusema maumivu hayo ni madogo. Katika inchi yetu ya mashariki kuna nyumba nyingi zinazolia. Lakini angalieni mgonjwa mwenyewe. Mbu hakumwuliza kabila lake kabla ya kumwuma. Homa yake ni ile ile yako, na damu yake ni nyekundu kama yako. Usipoweza bado kumpenda, anza kwa kutaja jina lake mbele ya Mungu kila siku. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu unayemwombea asubuhi na jioni. Kwa njia hii maombi yanatibu watu wawili.

Wengine wanasema: Tuna wagonjwa wetu wengi, hatuna nafasi. Ninajibu kwamba ndugu yako anaombewa na watu kumi. Mgeni hana hata mmoja. Mzigo wa watu kumi unaweza kumtoa mmoja aende kitanda cha pili.

Sasa tujifunze namna ya kuomba na mgeni, kwa maana wema usio na akili unaweza kuumiza.

Kwanza, mwulize. Sema: Baba, au Mama, unapenda tuombe pamoja? Labda yeye ni Mwislamu, au ni Mkatoliki, au amechoka tu. Akikataa, usikasirike. Mpe maji ya kunywa, kisha umwombee nyumbani kwako. Mungu anasikia huko pia.

Pili, usimwulize zambi zake. Wanafunzi waliuliza juu ya kipofu, ni nani aliyefanya zambi, na Yesu alikataa wazo lao (Yoane 9). Mgonjwa si mtu wa kuhukumiwa kitandani.

Tatu, linda siri. Usitaje ugonjwa wake kwa sauti kubwa chumbani, wala usiutangaze kanisani siku ya Mungu. Mungu anaujua, hana haja ya kuambiwa mbele ya watu. Mtu mwenye virusi vya ukimwi akitajwa hivi, anaweza kukimbia hospitali na kuacha dawa zake. Maombi ya namna hiyo yamemfukuza, hayakumsaidia.

Ine, omba maneno machache na kwa sauti ndogo. Kumbuka kuna wengine wanaotaka kulala.

Tano, usimwambie kamwe aache dawa. Dawa za kifua kikuu zinakunywiwa kwa kawaida miezi 6. Baada ya majuma machache mgonjwa anapata nguvu, kikohozi kinapungua, naye anawaza amepona. Akiacha, ugonjwa unaweza kurudi, tena ukawa mgumu kwa dawa zile. Mtu anayemwombea vema anamwambia: Tumshukuru Mungu kwa nguvu hizi, na kesho unywe dawa tena.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine wanaogopa kusema. Mwaka 2006 wanganga wa Marekani walitangaza uchunguzi uliofanywa katika hospitali 6, juu ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa kwa sababu ya mishipa ya moyo. Wengine kati yao waliombewa siku 14 na Wakristo wasiowajua, waliopewa jina la kwanza tu na herufi moja ya jina la pili. Wagonjwa walioombewa bila kuwa na hakika walipata matatizo 52 katika 100. Wale wasioombewa na kundi hilo, nao hawakuwa na hakika, walipata 51 katika 100. Lakini wale walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, 59 katika 100.

Mkristo asitikiswe na habari hii. Maombi si dawa ya kupimwa kwa kijiko, na Mungu si mtumishi wa kuitwa kwa kengele. Habari hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, tusimwahidi mgeni kwamba atapona kwa sababu tumemwombea. Akizidi kuugua, atawaza kwamba Mungu amemkataa. La pili, wanganga wengine walifikiri kwamba labda wale wagonjwa waliingiwa na woga, wakijiuliza: Je, ugonjwa wangu ni mbaya hata wageni waitwe kuniombea? Basi umwambie mgonjwa kwa upole: Tunawaombea wagonjwa wote wa chumba hiki, hata wale wanaorudi nyumbani kesho.

Tena angalieni, wale waliokuwa wakiomba katika uchunguzi ule hawakuwaona wagonjwa. Hawakuweza kuleta sahani ya chakula. Sisi tunaweza, kwa kuwa mgeni wetu yuko hapa. Yakobo anawakemea wale wanaompa mwenye njaa maneno mazuri tu, bila kitu cha mwili. Na yule Msamaria wa Luka 10, Bwana hakutuambia maneno aliyoyasema njiani. Alituambia kwamba alifunga vidonda, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akalipa feza kwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo, ukisema Amina, uliza: Umekula? Nani anakufulia? Kuna mtu wa kupelekewa habari nyumbani? Lakini mwulize muuguzi kabla ya kumpa chakula, kwa maana mgonjwa anayengoja kupasuliwa hafai kula.

Kuna zawadi nyingine iliyo kubwa zaidi. Watoto wengi wenye malaria kali wanaletwa wakiwa wamepungukiwa na damu, nao wanaweza kufa siku ile ile wasipopewa. Mtoto mwenye ndugu wengi anapata mtu wa kumtolea. Mtoto wa mgeni anapata nani? Mfuko mmoja wa damu una karibu mililita 450. Mtu mzima mwenye afya akitoa, maji ya damu yanarudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu zinarudi kwa majuma machache. Mwanaume anaweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Watu wa laboratwari watakupima kwanza. Kanisa likiomba Mungu amponye mtoto yule, labda jibu liko katika mkono wa mmoja wa wanaoomba.

Neno la mwisho ni juu ya kuweka mikono. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Ugonjwa ule unapita katika damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili, hata ya maiti. Watu waliomgusa mgonjwa kwa upendo waliambukizwa. Basi, siku munganga anaposema tusimguse mgonjwa, tutii. Imani haipungui kwa hatua mbili za mbali. Yule akida wa Kapernaumu hakutaka Yesu afike nyumbani. Bwana alisema neno tu, na mtumishi akapona mbali na macho yake (Matayo 8). Na siku zote, kabla ya kumshika mgonjwa mkono na baada yake, tunawe mikono kwa sabuni.

Sasa wazee wa kanisa na mama wa kanisa, ninawaomba jambo moja. Juma hili, munapokuja kutembelea wagonjwa wenu, mupite kwanza kwa muuguzi wa zamu na kumwuliza: Leo ni nani asiye na mtu? Atawaonyesha kitanda. Muende pale kwanza, muulize jina, muombe ikiwa anapenda, mumwachie chakula. Kisha muende kwa ndugu yenu. Yeye atangoja kidogo, naye hatakosa kitu.