Kambi ya Mgeni na Kambi ya Mvuvi

Yako maneno yanayorudi kila watu wa Kasongo wanapokaa pamoja na ndugu zao waliotoka Tanzania. Mmoja husema: huko wenzetu wana mito midogo kuliko Lualaba, na wageni wanalipa fedha nyingi kulala ukingoni ndani ya hema. Sisi tuna Lualaba, mto ule ule ambao huko mbele unaitwa Kongo, na hatuna hata hema moja. Kwa nini? Wazee hutikisa vichwa, vijana hupata tamaa. Swali si baya. Twataka kulisema leo, maana siku mtu mwenye karatasi atakapofika na kuuliza ukingo huu ni wa nani, tutakuwa tumechelewa kuanza kufikiri.

Ndugu yetu mmoja, Mmanyema wa Kariakoo, Dar es Salaam, amefanya kazi ya mezani miaka kadhaa katika kambi moja ya mto Rufiji. Jina la kambi hatulitaji, wala lake. Anasema mahema yao hayafiki kumi na mawili, na huo ndio ufahari wenyewe, kwamba ni machache. Kila hema limesimama juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa, ndani mna kitanda kipana, chandarua cheupe, choo na bomba la maji moto. Alfajiri mgeni anapelekewa chai kabla hajatoka kitandani. Kisha anapakiwa mashuani kuangalia viboko na mamba, au anatembezwa porini nyuma ya askari mwenye bunduki. Jioni anawashiwa moto na kandili. Kukishaingia giza haendi peke yake hata hatua ishirini, sharti mlinzi atangulie na taa, kwani kiboko hutoka majini kula majani na njia yake hupita baina ya mahema. Kwa hayo mgeni hutoa mamia ya dola kwa usiku mmoja, na ziko kambi ambazo usiku mmoja hupita elfu.

Tulimwuliza: wananunua nini hasa kwa fedha zote hizo? Maana kitanda kizuri kiko mjini pia. Akafikiri kidogo, akasema: wananunua kutokuwepo kwa watu.

Jibu hilo limetukaa moyoni. Pori la Rufiji halikuwa tupu toka zamani. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyoletwa na Wajerumani ili kuvimaliza, viliua na kutawanya watu wa kusini. Halafu katika miaka ya 1940 Serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wengi wa Liwale, ikataja ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaingia katika hifadhi ya wanyama. Hifadhi hiyo ilikuwa imepewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi pale Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Mwaka 1982 ikawekwa katika urithi wa dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa na kupewa jina la Nyerere. Jina limebadilika, nasi twafurahi. Lakini ukimya ule anaouziwa mgeni ulitengenezwa, na waliolipa bei yake hawakupata kulala katika hema lile.

Sasa turudi kwetu. Ati watu wanasema Lualaba haina kambi! Kambi ziko. Maji yanapopungua, wavuvi wetu, Wagenia na wengineo, hupanda mitumbwi na wake zao na watoto, wakajenga vibanda vya majani juu ya mchanga, wakatega nyavu na kukausha samaki. Maji yakijaa hurudi. Kila kambi ina watu wake wanaojulikana, na mtu hawezi kutega pale bila kuomba. Babu zao walikuwa hapo. Lakini mwenye kuchora ramani akipita wakati maji yamejaa haoni kitu. Haoni nyumba, haoni shamba, haoni kanisa wala msikiti. Ataandika: ukingo mtupu, unafaa kwa wageni.

Hiyo ndiyo hofu yetu, na haitoki hewani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliandika kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mwenye fedha hutafuta hati mjini, na mvuvi hupata habari pale anapokuta kamba imefungwa. Wenzetu wa Kabambare hatuna haja ya kuwaeleza. Wameuona mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulivyokuja na ahadi, ukaingia katika ugomvi na wachimbaji wadogo na watu wenye silaha, mpaka kazi ikasimama mwaka 2019. Dhahabu na hema ni vitu mbalimbali, bali karatasi yake ni ya namna moja.

Na jambo jingine linatuuma, ingawa pengine ni letu tu. Neno lenyewe wanaloliuza, safari, limepita hapa. Njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mpaka ziwani, Ujiji, Tabora na Bagamoyo, ilikuwa njia ya safari, na msafiri alikuwa na pembe ya ndovu begani au mnyororo shingoni. Wamanyema wa Ujiji na wa Kariakoo ni wajukuu wa safari hizo. Mgeni naye alikuja. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi katika mwaka 1870 na mwanzo wa 1871 kwa vidonda vya miguu, akalishwa. Kisha akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki sokoni na wanawake wakijitupa mtoni kwa mamia. Ukingo ule ule mtu anaweza kuujengea sakafu ya mbao na kuweka viti vya kutazama jua likizama. Hatusemi asijenge. Twasema ajue amekaa wapi, na anayemwambia awe mtu wa Nyangwe anayelipwa kwa kusema.

Maana sisi hatumkatai mgeni. Ndugu yetu wa Kariakoo amesomesha watoto kwa mshahara wa kambi na kwa bakshishi, ambayo hutiwa katika sanduku moja na kugawanywa kwa wote, toka mpishi hadi mfua nguo. Atakayemwambia kazi ile ni utumwa atajibiwa vibaya. Tena ni kweli kwamba kwa barabara zetu zilivyo, na bunduki zinazosikika Kabambare, mgeni wa namna hiyo haji kesho. Basi tunayo nafasi, na tuitumie.

Tuangalie majirani. Uganda sheria imeweka asilimia 20 ya ada ya kuingia katika hifadhi iende kwa wananchi wa pembeni. Rwanda ilianza na asilimia 5 mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017. Ni jambo jema, lakini tazama vizuri: ile ya Uganda ni ya mlangoni. Fedha ya kitanda, ambayo ndiyo kubwa, haimo. Kwa hiyo sisi tudai sehemu ya kila kichwa kwa kila usiku. Hesabu yake haihitaji karani, mtoto yeyote anaweza kusimama ng'ambo ya mto akahesabu mahema yenye taa.

Na Kongo yenyewe ina mlango ambao wachache wameuona. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 iliruhusu jamii ya mahali kupewa msitu wake wa desturi, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Maji hayamo, na kazi ya kupima mipaka na kuandika maombi ni ndefu. Hata hivyo jamii yenye karatasi hiyo ndiyo inayokodisha, si inayoomba kazi. Kaskazini ya mkoa wetu Hifadhi ya Lomami ilitangazwa mwaka 2016. Watu wa huko wanajua kuliko sisi mpaka unavyochorwa, tukawaulize.

Kwanza basi tuandike kambi za wavuvi, moja moja, kutoka Kasongo hadi Nyangwe na kushuka: jina lake, watu wake, miezi wanayokaa, mahali wanapoegesha mitumbwi. Machifu wasitie sahihi yao peke yao. Baraza liitwe, wanawake wanaokausha samaki wawemo, na lisiitwe katika miezi ambayo wavuvi wako mchangani na hakuna wa kuwasemea.